Kobe Halii

Kaa hapo kwenye jiwe, mjukuu wangu, kivuli bado kipo. Sijakuita nikugombeze. Miaka 31 ya kufundisha shule ya msingi imenimaliza sauti, na umri huu wa miaka 76 umenimaliza haraka. Nimekuita kwa sababu alfajiri ya leo, nilipotoka nje kunawa uso, nimemkuta kobe wako nje ya uzio kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alirudishwa na mtoto wa jirani, amempakata kama mkate. Mara ya pili alikuwa ukingoni mwa mtaro. Leo alikuwa njiani kabisa, pale bodaboda wanapokata kona kushuka barabarani, na ni mimi, na magoti yangu haya, niliyeinama kumwokota.

Nilipomwinua alitoa ile pumzi yake, fyuu, kama tairi linaloachia upepo, kisha akajifungia. Sauti yake yote ndiyo hiyo. Mbuzi akinaswa na kamba atapiga kelele mpaka kule sokoni Mlango Mmoja wamsikie. Kuku akivamiwa na nguchiro ataamsha mtaa mzima. Kobe halii. Akipinduka chali juani atafia hatua tatu kutoka mahali ulipokaa na simu yako, wala hutajua mpaka utakapokwenda kumtazama. Nilikuambia hivyo siku ulipomleta. Nilikuambia tena juzi. Leo nakuambia mara ya tatu, na ikibidi ya nne nitasema pia, maana yeye hawezi kujisemea.

Kabla ya kufika kwenye uzio, kuna neno ambalo umekuwa ukilikwepa. Huyu kobe si wako. Ulimtoa kwenye nyasi zilizokuwa zikiungua kule upande wa Misungwi, na moyo uliokusukuma kufanya hivyo sina ugomvi nao. Ningekuwa na miguu yako ningefanya vilevile. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye anayewashika kwa dhamana kwa niaba yetu. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama umemwokoa motoni, hata kama unampenda. Jumatatu tutakwenda wote wawili kwa afisa wanyamapori tumweleze ulimpata wapi na lini. Nitatangulia mimi kusema. Wakiamua arudishwe porini, atarudi. Wakiamua jambo jingine, tutalisikia kwao. Wala usiniambie tumpandishe tu kwenye mawe hapo juu tumwachie. Hapo juu kila jiwe lina nyumba ubavuni, na kila nyumba ina mbwa au ina watoto. Tena mnyama aliyekaa na kuku wetu anaweza kubeba ugonjwa akawapelekea wenzake waliobaki porini wazima.

Sasa unaniuliza moyoni, kama Jumatatu tunakwenda, uzio wa nini? Leo ni Ijumaa, kijana wangu. Kati ya leo na Jumatatu kuna adhuhuri tatu na usiku mara tatu, na kobe hahitaji zaidi ya adhuhuri moja ili afe.

Tuutazame huo uzio wako. Mtaa wetu umebeba jina la mabati, na kila mtu hapa akitaka kuzuia kitu anashika bati. Nawe umefanya hivyo upande mmoja, upande wa pili ukaweka senyenge ulizozikuta nyuma ya choo. Bati likipigwa na jua la saa saba linaunguza mkono wangu mimi. Yeye anatembea na tumbo karibu na ardhi, akiegemea bati hilo hilo. Na ukingo wake umeukata kwa panga, una meno. Gusa uone. Kwenye senyenge nako umeona pua yake ilivyochubuka? Hajaumwa na mdudu. Kobe akiona majani upande wa pili, anaamini njia ipo. Atasukuma asubuhi, atasukuma mchana, atasukuma mpaka damu itoke, kwa sababu macho yanamwambia kuwa amekaribia. Ukuta asioweza kuona ng'ambo yake humtuliza. Akiukuta anageuka na kwenda zake. Kwa hiyo chini kote tuweke tofali, zile zilizobaki tulipojenga jiko, nazo zizame ardhini shibiri moja na zaidi, maana kilichomtoa nje mara mbili ni udongo laini chini ya bati. Anapenyeza kichwa, anafuatisha mguu, gamba linafanya kazi ya kabari.

Mara ya tatu hakupita chini. Alipanda. Unashangaa, lakini kobe ni mpandaji hodari, na ngazi yake ni kona. Mguu mmoja ukuta huu, mguu mwingine ukuta ule, anajikokota mpaka juu, halafu anaanguka nje kama jiwe. Wewe tena ukamwekea jiwe zuri la kuotea jua, ukaliegemeza ukutani. Umemjengea ngazi kwa mikono yako. Jiwe likae katikati, na kila kona tuifunike kwa kipande cha ubao. Ukuta nao upande juu, zaidi ya mara mbili ya urefu wake yeye.

Hayo ni ya kumzuia asitoke, na ndiyo yaliyokushughulisha wiki nzima. Nenda sasa ukatazame ya kuzuia maadui wasiingie. Ona juu ya mti ule. Wale korongo wenye upara wanaosimama kwenye majalala ya Mwanza nzima, unadhani wanachagua chakula? Kobe mdogo kama kiganja ni tonge moja kwao. Kunguru atamdonoa macho. Mwewe atamchukua. Usiku wapo panya buku, na hao ndio ninaowaogopa kuliko wote, kwa kuwa kobe akilala huwa kama amekufa. Panya anaweza kumguguna mguu hadi asubuhi naye hana la kufanya ila kuuvuta ndani zaidi. Siafu wakiingia kwenye gamba hatoki mzima. Basi juu tutaweka wavu wa kuku, tuufunge kwa waya, na usiku atalala ndani ya lile sanduku la mbao lenye mlango. Si usiku mmoja mmoja unapokumbuka. Kila usiku.

Kivuli. Hili nililifundisha darasani kwa chaki mwaka baada ya mwaka, na bado nyumbani kwangu halijaeleweka. Kobe hana jasho. Damu yake hupata joto na ubaridi kutoka nje, na njia yake ya kujiponya na joto ni kutembea tu: anatoka juani anaingia kivulini, anatoka kivulini anarudi juani. Ukimnyima jua, gamba litalegea kama ukucha uliolowa, kwa sababu jua kwenye ngozi ndilo linalomwezesha kuitumia chokaa iliyo kwenye chakula chake. Ukimnyima kivuli, hafiki jioni. Uzio wako una kivuli asubuhi peke yake. Uliujenga asubuhi, ukatazama kivuli cha asubuhi, ukaridhika. Ulikwenda kuutazama saa nane?

Na sakafu. Ile saruji laini uliyomwachia kwa sababu ni safi, iondoe. Akipinduka juu ya saruji hana pa kukwamisha kucha. Mpe udongo, nyasi, vijiwe vidogo vya kushikia, apate kujigeuza mwenyewe.

Chakula nitasema kifupi kwa kuwa mama yako ameshakuambia. Majani, magugu yasiyopigwa dawa, maua na majani ya hibiskasi. Wa kwako ana bawaba nyuma ya gamba, umeiona? Sehemu ya nyuma inajikunja na kufunga kama mlango juu ya miguu na mkia. Kobe wa namna hiyo hula pia konokono, jongoo na uyoga, na wanasayansi wamemwita kwa jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika ziwani hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Usimpe ugali, wala mkate na maziwa, wala dagaa. Maji yawe kwenye sahani ya udongo ambayo akiingia hayapiti kidevu chake. Ukimaliza kumshika, osha mikono kwa sabuni kabla hujamgusa mdogo wako, kwa sababu kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba vijidudu vinavyomharisha mtoto.

Hili lifuatalo nimelisikia jana usiku kupitia dirishani, na ndilo lililoninyima usingizi. Rafiki yako alikuambia kwa nini ujisumbue na tofali, azime keekee, mtoboe gamba kwa nyuma, mpitishe waya, mmfunge kwenye mti. Nawe ukanyamaza. Hukusema ndiyo, lakini hukusema hapana.

Nipe mkono wako. Huu hapa ni ukucha, na chini ya ukucha kuna nini? Nyama. Nikichoma sindano hapo utaruka mpaka barabarani. Gamba la kobe si koti alilovaa, kwamba chini yake yuko mtu mwingine anayeweza kulivua. Ni mifupa yake. Uti wa mgongo umeungana nalo, mbavu zimeungana nalo, damu inapita ndani yake, na hisia zipo. Ukimkwaruza kwa unyasi juu ya gamba anajua umemgusa wapi. Kumtoboa ni kumtoboa mfupa akiwa macho, na tundu hilo litaingia uchafu, litaoza polepole ndani mahali usipopaona. Nimewaona kobe wenye matundu hayo, mjukuu wangu, wengi tu, na watu wazima wenye akili zao ndio waliowatoboa. Ukiwauliza wanasema mbona hakulia.

Usimpake hata rangi. Ukitaka kumtambua siku akipotea, mpige picha ya mgongo. Michoro ya vigae vyake haifanani na ya mwingine.

Ila picha hiyo ikae kwako. Ile uliyoirusha kwenye status juzi, ifute leo. Najua ulitaka wenzako wamwone. Nataka nikuambie habari za visiwa viwili, uone kwa nini.

Hiki chetu unakijua, Saanane. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima pale, akakitoa kisiwa chake kwa serikali. Bustani ya wanyama ilipoanzishwa mwaka 1964 nilikuwa na miaka 15, na wazo la walioianzisha lilinifurahisha mno: watumie ziwa lenyewe kuwa uzio. Mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, na kobe wapo mpaka leo miongoni mwa wanyama watambaao wanaotajwa huko. Nilikulia na wazo hilo kwamba maji yakikuzunguka pande zote, uko salama.

Kisha nikafika Unguja, wakatuvusha kwenda Changuu, kile kisiwa wanachokiita cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, miaka ya 1890, lakini halikuwekwa wafungwa. Pakawa mahali pa kuwatenga wasafiri kwa hofu ya magonjwa. Mwaka 1919 wakaletwa kobe wanne kutoka Shelisheli, zawadi, wale wakubwa wa Aldabra ambao dume lao hukaribia uzito wa magunia mawili na nusu ya mahindi. Wakazaana. Mwaka 1955 walikuwa kama 200. Fikiria: kisiwa kizima chao, bahari imewazunguka, hakuna chui, hakuna fisi, majani tele. Kuna uzio gani duniani unaoushinda huo? Basi watu wakaja na mitumbwi. Wengine walitaka nyama, wengine walitaka kuwauza ng'ambo kwa wanaopenda kufuga. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50. Mwaka 1996 walibaki saba.

Saba, kijana wangu. Na mwaka huo huo vifaranga 80 vikahamishiwa mjini Unguja ili vilindwe, na huko huko kwenye kulindwa, 40 vikapotea. Ndipo serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga uzio mkubwa ndani ya kisiwa, na kuweka watu wa kukaa nao. Uzio ndani ya bahari. Leo wapo wengi tena, nimewalisha mchicha kwa mkono wangu, lakini nilipokuwa nikiwalisha sikuwa nikiwatazama wao. Nilikuwa nikimtazama yule mlinzi wa makamo aliyekuwa akizunguka na kitambaa kichwani, anawahesabu, anarudi, anawahesabu tena. Uzio wenyewe ulikuwa ni yeye.

Na huku bara hatuko mbali na hayo. Yupo kobe wa mawe, bapa kama chapati, gamba jepesi linalobonyea, anayejibana kwenye nyufa za miamba kama hii yetu. Hutaga yai moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukimtoa mmoja si rahisi kurudisha pengo lake. Walimvuna kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo mpaka mwaka 2016 Tanzania ikasimamisha kusafirisha wanyamapori hai, na mwaka 2019 mataifa yakakubaliana kumpandisha kwenye daraja la juu kabisa la kulindwa, biashara yake ikafungwa. Anayemtaka kobe hajui huyu ni wa mawe na huyu ni wa bawaba. Anaona picha kwenye simu na anajua nyumba ya babu yako ilipo.

Sogea karibu kidogo. Neno hili sijawahi kumwambia baba yako.

Nami nilikuwa na kobe. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba kule chini, karibu na Mto Mirongo. Mwanafunzi mmoja aliniletea, nikampokea. Kibali sikuuliza, hata wazo la kuuliza halikunijia. Nikamjengea uzio, na mimi nilijenga vizuri kuliko wewe. Tofali, saruji, kona zimezibwa, wavu juu umefungwa kwa waya pande zote nne. Nilijisifu kwa uzio huo. Wageni wakija niliwaonyesha uzio kabla ya kobe.

Masika ile mvua ilinyesha usiku kucha. Unajua Mirongo inavyokuwa: mchana unairuka kwa hatua, usiku mmoja wa mvua inaingia majumbani. Maji yalipofika mlangoni kwangu nilihangaika na vitabu, nikapandisha godoro juu ya meza, nikamsaidia jirani kutoa watoto. Mbuzi wa jirani walilia, tukawatoa. Kuku walilia, tukawatoa. Kobe nilimkumbuka kulipokucha, maji yalipokuwa yameshuka na kuacha matope hadi kwenye madirisha. Alikuwa kwenye kona, kucha zimeshika wavu kwa ndani. Uzio wangu haukuvunjika hata tofali moja. Ungekuwa mbovu kama wako, angeelea akatoka, labda angenasa kwenye kichaka, labda angepona. Watu hudhani kobe yeyote ni wa majini. Wa nchi kavu akifunikwa na maji anakufa kama mimi na wewe.

Nilimzika nyuma ya nyumba. Nilikwenda darasani siku hiyo hiyo, nikafundisha hesabu.

Kwa hiyo uzio wako hautakaa pale ulipo, karibu na mtaro. Utapanda huku juu, kwenye mteremko, nyuma ya jiko, ambapo maji ya mvua hupita pembeni. Na chini ya tofali upande wa bondeni tutaacha matundu membamba ya maji kutoka, yasiyopitisha panya. Ikinyesha usiku utaamka. Ukiwa umechoka utaamka. Utamtoa sandukuni umlete ndani, na mimi nikisikia mvua nami nitaamka nikugongee.

Unanitazama kana kwamba nazungumzia miaka wakati tunazungumzia siku tatu. Huenda ni siku tatu. Huenda Jumatatu wakasema tukae naye kwa kibali mpaka waamue. Kobe akitunzwa huishi miaka mingi. Yuko mmoja kisiwani St Helena, wanamwita Jonathan, inakadiriwa alianguliwa mwaka 1832 hivi, na mpaka leo anakula majani. Speke alipolitazama ziwa letu, Jonathan alikuwa ameshapita miaka 20. Huyu wako hatafika huko, si wa jamii hiyo. Lakini mimi ana nafasi nzuri ya kunizika. Ndiyo maana sitaki kukuachia uzio peke yake. Uzio nitakujengea leo kabla jua halijazama. Nataka nikuone unakwenda kumtazama bila kuitwa: asubuhi kabla ya chai, saa nane jua linapouma, na jioni kabla hujashika simu. Unamtafuta mpaka umwone kichwa. Hujamwona kichwa, hujamwona.

Haya, nimesema ya kutosha, na koo limekauka. Kalete koleo, na lile karai lenye tundu. Tofali ziko nyuma ya pipa, angalia nge kabla hujainua. Kobe mweke sandukuni kwanza, kivulini, na mlango ufunge. Umefunga? Nenda kaangalie tena.